Mwanasheria wa Kanisa Aliyetufunza Kuhesabu Visivyoonekana: Maisha ya Amedeo Avogadro



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za maimamu, makadhi na watawala waliotangulia. Katika toleo hili naomba nafasi niandike juu ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuishi karibu nasi. Wenzetu wanaosomea famasia, uuguzi na maabara hulitaja jina lake mara kwa mara, lakini wengi wao hulijua kama jina la namba tu. Sisi wa masomo ya Kiislamu hatulitaji kabisa. Jina hilo ni Amedeo Avogadro.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alianzia pale tulipo sisi: shahada yake ilikuwa ya sheria ya dini. Ya pili, hesabu iliyotokana na wazo lake ndiyo inayoamua kama dawa iliyoyeyushwa katika maji itamponya mgonjwa au itamdhuru. Hesabu hiyo ni ya ukolezi wa mmumunyo, ambao wenzetu wa kemia huuita molariti. Nitaieleza mbele kwa lugha nyepesi, inshallah, na wala huhitaji kuwa uliwahi kuingia maabara.

Ukoo wa mawakili

Avogadro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1776 mjini Turin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Wakati huo Italia moja haikuwepo. Turin ilikuwa mji mkuu wa dola ya wafalme wa Sardinia, na jimbo lake liliitwa Piedmont. Baba yake, Filippo, alikuwa mtu wa sheria mwenye cheo, na ukoo wao ulikuwa wa mawakili kwa vizazi vingi. Hata jina lenyewe la Avogadro linahusishwa na kazi ya uwakili.

Mtoto wa nyumba kama hiyo njia yake huwa imeshachorwa. Amedeo aliifuata. Alisoma sheria tangu akiwa kijana mdogo, na mwaka 1796, akiwa na miaka 20, alipata shahada ya udaktari katika sheria ya Kanisa. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria kijana wa miaka 20 aliyekwishamaliza fiqhi na usuli na yuko tayari kukaa kwenye baraza la kadhi. Alifanya kazi ya sheria kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyetarajia angefanya jambo jingine.

Lakini pembeni mwa kazi hiyo alikuwa akijisomea hisabati na fizikia. Kufikia mwaka 1800 masomo hayo yalikuwa yamemteka. Wakati huo Alessandro Volta, Mwitalia mwenzake, alikuwa ametengeneza betri ya kwanza, na Ulaya nzima ilikuwa ikizungumzia umeme. Avogadro na ndugu yake Felice walifanya majaribio ya umeme, na mwaka 1803 wakaandika makala yao ya kwanza. Mwaka uliofuata Chuo cha Sayansi cha Turin kilimpokea kuwa mwanachama mwandishi. Mwaka 1809 alipewa kazi ya kufundisha sayansi katika chuo kimoja cha Vercelli, mji mdogo ulio mbali kidogo na Turin. Uwakili akawa ameuacha.

Tatizo la lita mbili

Ili tuelewe alichofanya Vercelli, tuangalie kwanza kilichokuwa kikiwasumbua wakemia wakati huo.

Nchini Uingereza, John Dalton alikuwa amechapisha kitabu mwaka 1808 akifundisha kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomu, chembe ndogo mno zisizoonekana, na kwamba atomu za kila elementi zina uzito wake. Fundisho hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na pengo. Ukipasua maji unapata gramu 8 za oksijeni kwa kila gramu 1 ya hidrojeni. Je, hii ina maana atomu ya oksijeni ni nzito mara 8 kuliko ya hidrojeni? Ndiyo, kama chembe ya maji ina atomu moja ya kila upande. Kama ina atomu mbili za hidrojeni, basi oksijeni ni nzito mara 16. Mizani peke yake haiwezi kukuamulia, kwa sababu inapima uzito wa rundo na haihesabu vilivyomo. Dalton alichagua moja kwa moja kwa kuwa ndiyo njia rahisi.

Kule Ufaransa, mwaka huohuo wa 1808, Joseph Louis Gay-Lussac aligundua jambo jingine kwa kupima ujazo wa gesi. Lita 2 za hidrojeni huungana na lita 1 ya oksijeni, na kinachotoka ni lita 2 za mvuke wa maji. Namba zinatoka nzima kabisa, hazina visehemu. Dalton hakufurahia habari hii, na alikuwa na sababu. Kama lita 1 ya oksijeni inatoa lita 2 za mvuke, basi kila chembe ya oksijeni imegawanywa kwa chembe mbili za maji. Lakini atomu, kwa fundisho lake, haigawanyiki!

Watu wawili wakubwa, kila mmoja ana ushahidi wake, na hawapatani. Mwanafunzi wa sheria yoyote anaijua hali hii. Tunapokutana na dalili mbili sahihi zinazoonekana kupingana, tunafundishwa kutafuta kwanza njia ya kuzikusanya zote mbili kabla ya kuitupa mojawapo. Siwezi kudai kwamba Avogadro aliyachukua hayo kutoka darasa la sheria. Ninachoweza kusema ni kwamba ndivyo alivyofanya.

Wazo la mwaka 1811

Mwaka 1811 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida moja la fizikia na kemia la Paris. Piedmont wakati huo ilikuwa chini ya Napoleon. Ndani ya makala hiyo aliweka mambo mawili.

La kwanza ni kwamba gesi zote, zikiwa na ujazo sawa, joto sawa na kani ya mgandamizo sawa, huwa na idadi sawa ya chembe. La pili ni kwamba chembe za gesi kama hidrojeni na oksijeni si atomu mojamoja, bali ni atomu zilizoungana, na zinaweza kuachana zinapoingia katika muungano mpya. Leo tunaziita molekuli. Kwa hiyo kinachogawanyika ni molekuli ya oksijeni, yenye atomu mbili, na atomu yenyewe inabaki nzima. Dalton yuko sahihi, na Gay-Lussac yuko sahihi.

Sisi tuliosoma mlango wa zakatul-fitri tunaweza kulielewa jambo hili haraka. Tunajua kuwa pishi ni kipimo cha ujazo, na kwamba pishi ya mchele na pishi ya tende hazilingani uzito, ndiyo maana masheikh hutofautiana wanapoigeuza pishi kuwa kilo. Tunajua pia kwamba punje za uwele ni nyingi kuliko punje za mahindi ndani ya pishi moja. Sasa fikiria nafaka za ajabu ambazo pishi moja, iwe ya uwele au ya mahindi, ina idadi ileile ya punje. Ukiwa na nafaka za namna hiyo, huna haja ya kuhesabu. Pima uzito wa pishi moja ya kila aina, ulinganishe, na utajua punje ya hii ni nzito mara ngapi kuliko punje ya ile. Gesi ndizo nafaka hizo za ajabu. Lita moja ya oksijeni ina uzito wa karibu mara 16 ya lita moja ya hidrojeni, kwa hiyo molekuli ya oksijeni ni nzito mara 16 kuliko ya hidrojeni. Swali la maji likawa limejibiwa: hidrojeni mbili, oksijeni moja.

Maisha ya kimya

Ungetarajia kwamba baada ya hapo dunia ilisimama kumshangilia. Haikuwa hivyo. Dalton hakukubali kwamba atomu mbili za aina moja zinaweza kushikana. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wakemia wote wa zama zake, alifundisha kwamba atomu huvutana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine hasi, na kwa fundisho hilo atomu mbili za oksijeni zingesukumana. Mwaka 1814 Mfaransa André-Marie Ampère alifika kwenye wazo linalofanana na la Avogadro, na bado wengi hawakusikia.

Avogadro mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Alikaa mbali na Paris na London, hakuwa na maabara yenye sifa, wala hakuwa na kundi la wanafunzi wa kumtetea. Alimwoa Felicita Mazzé na wakalea watoto sita. Mwaka 1820 alipewa kiti cha fizikia ya kihisabati katika Chuo Kikuu cha Turin. Mwaka uliofuata kukatokea uasi wa kisiasa katika Piedmont, mfalme akaachia kiti chake, na utawala uliofuata ukawageukia wasomi kwa shaka. Chuo kikafungwa kwa muda na kiti chake kikafutwa. Alikirudia mwaka 1834 na akafundisha hadi 1850.

Katika miaka hiyo aliandika kitabu kikubwa cha fizikia chenye majuzuu manne, kilichotoka kati ya 1837 na 1841. Alitumikia pia serikali katika mambo ya takwimu, hali ya hewa, elimu, na vipimo na mizani. Alifariki Turin tarehe 9 Julai 1856, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 80. Wazo lake lilikuwa na miaka 45, na wakemia walio wengi walikuwa hawajalikubali.

Aliyelibeba jina lake

Wakati huo kemia ilikuwa imevurugika. Kila mwalimu alikuwa na uzito wake wa atomu, na kitu kimoja kiliandikwa kwa fomula nyingi tofauti. Septemba 1860 wakemia zaidi ya 120 walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kutafuta maafikiano.

Miongoni mwao alikuwepo Stanislao Cannizzaro, kijana kutoka Sicily aliyewahi kushiriki mapinduzi ya 1848 na kukimbilia uhamishoni. Miaka miwili kabla ya mkutano alikuwa ameandika kijitabu cha kufundishia kilichoonyesha, hatua kwa hatua, kwamba ukilichukua wazo la Avogadro na kulifuata bila kuyumba, uzito wa atomu zote unapatana. Alilisema hilo mkutanoni, na mwenzake akawagawia wajumbe nakala za kijitabu hicho walipokuwa wakiondoka. Lothar Meyer wa Ujerumani alikisoma na akakiri kuwa giza lilimwondoka. Dmitri Mendeleev wa Urusi naye alikuwepo, na mwaka 1869 akatoa jedwali lake la elementi, ambalo lisingewezekana bila uzito sahihi wa atomu.

Mwalimu alikuwa amelala kaburini miaka minne. Cannizzaro angeweza kulifanya wazo hilo lake, lakini alilirudisha kwa mwenyewe. Sisi tunaosoma elimu ya isnadi tunapaswa kuliheshimu jambo hilo. Elimu imefika kwa sababu mtu wa katikati alimtaja aliyempokea.

Namba, moli na hesabu yenyewe

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Avogadro hakuihesabu namba inayoitwa kwa jina lake. Makadirio ya kwanza ya ukubwa wa molekuli yalitolewa na Josef Loschmidt wa Austria mwaka 1865. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza mwaka 1909 namba hiyo ipewe jina la Avogadro. Leo imewekwa rasmi: tangu tarehe 20 Mei 2019, moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Kwa maneno, ni 6 ikifuatwa na tarakimu 23.

Moli ni neno la idadi, kama vile dazeni au korija. Tunaposema korija ya mikeka tunajua ni 20. Tunaposema moli ya chumvi tunajua ni idadi hiyo kubwa ya chembe za chumvi. Faida yake ni kwamba huhesabu mojamoja, bali unapima kwa mizani. Moli moja ya maji ni gramu 18. Moli moja ya chumvi ya mezani ni gramu 58.5. Moli moja ya glukosi ni gramu 180. Uzito unatofautiana, lakini idadi ni ileile.

Katika fiqhi ya biashara tunafundishwa kuwa kuna vitu vya kupimwa kwa pishi, vya kupimwa kwa mizani na vya kuhesabiwa. Wazo la Avogadro lilianzia kwenye pishi, likapita kwenye mizani, likafika kwenye hesabu. Moli ndiyo inayotuvusha kutoka aina moja hadi nyingine.

Sasa molariti. Ukiyeyusha kitu katika maji, unataka kujua katika kila lita mna moli ngapi za kitu hicho. Hatua ni mbili tu. Kwanza gawanya gramu ulizonazo kwa gramu za moli moja, upate idadi ya moli. Kisha gawanya moli hizo kwa lita za mmumunyo wote. Mfano: gramu 9 za chumvi katika lita 1, kama ilivyo dripu ya maji ya chumvi hospitalini. Chukua 9 ugawe kwa 58.5, unapata moli 0.154. Lita ni 1, basi ukolezi ni moli 0.154 kwa lita. Angalia kwamba tunagawa kwa lita za mmumunyo uliokamilika. Ndiyo maana mtu wa maabara huweka chumvi kwanza, akaiyeyusha kwa maji kidogo, kisha akaongeza maji mpaka yafike kwenye alama.

Pakiti moja, lita moja

Kwa nini haya yatuhusu? Chukua pakiti ya ORS, ile dawa ya unga anayopewa mtoto anayeharisha. Kwa mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002, ndani yake mna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na chumvi nyingine mbili, jumla gramu 20.5. Kwa macho, sukari ni mara tano ya chumvi. Kwa hesabu, glukosi ni 13.5 gawanya kwa 180, yaani moli 0.075. Sodiamu yote, kutoka kwenye chumvi ya kawaida na ile nyingine yenye sodiamu, ni karibu moli 0.075 vilevile. Waliotunga hawakulinganisha uzito, walilinganisha idadi, kwa sababu ukuta wa utumbo huzipitisha chembe za sukari na za sodiamu pamoja, na maji huzifuata.

Ukijumlisha chembe zote zilizoyeyuka katika lita moja unapata moli 0.245. Damu ya mtu ina karibu 0.29. Dawa ni nyepesi kidogo kuliko damu, kwa hiyo maji huingia mwilini. Sasa mama akichanganya pakiti hiyohiyo kwenye chupa moja ya maji ya nusu lita, gramu hazikubadilika lakini lita zimekuwa 0.5. Gawanya 0.245 kwa 0.5, unapata 0.49, mbali juu ya damu. Maji yatavutwa kutoka mwilini kuja tumboni, na sodiamu ya damu inaweza kupanda hadi kumletea mtoto degedege. Dawa ni ileile, pakiti ni ileile, nia ya mama ni njema. Kilichokosewa ni kugawanya.

Tunachobeba

Chuoni nasikia kauli mbili. Ya kwanza inasema sayansi ina wenyewe, sisi wa dini tushike yetu. Ya pili inasema kila kitu kiligunduliwa na Waislamu, kwa hiyo hatuna la kujifunza kwa wengine. Ya kwanza inajibiwa na maisha ya Avogadro mwenyewe, msomi wa sheria ya dini aliyeona kwamba kipimo cha haki hakiishii mahakamani. Ya pili inajibiwa na historia yetu. Al-Khazini aliandika Mizan al-Hikma karibu mwaka 1121 katika mji wa Marw, kitabu kizima juu ya mizani na uzito wa vitu, na ndani yake aliwataja Wayunani waliomtangulia bila haya yoyote. Aliyekuwa na elimu ya kweli hakuogopa kusema ameipata wapi.

Wengi wetu tutarudi makwetu kuwa maimamu na walimu wa madrasa. Akina mama watatujia na maswali kabla hawajafika zahanati, kwa kuwa msikiti uko karibu zaidi. Tunasoma Sura ya al-Mutaffifin na tunawaonya wauza sokoni wasipunje. Basi tuongeze sentensi moja tu baada ya darsa: pakiti moja ya ORS ya gramu 20.5, lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita zilizojaa, si pungufu na si zaidi. Na mtoto akizidi kulegea, apelekwe zahanati haraka.

Anayetaka kufanya hesabu hizi kwa kalamu, atafute mmoja wa ndugu zetu wa famasia baada ya swala ya Isha. Wao wana jedwali la uzito wa atomu, na sisi tuna mlango wa pishi na mizani. Tukikaa pamoja tutaelewana.

Wabillahi tawfiq.